Usiache kukimbia kabisa, punguza tu

Kaka, umesema kano ya nyuma ya kisigino inakuuma kila asubuhi tangu uanze kukimbia Kigoma hadi Ujiji, na mtu kakwambia upumzike miezi miwili. Mimi sikubali. Kano isiyobebeshwa mzigo hudhoofika, ukirudi barabarani maumivu yanakusubiri palepale.

Jaribu hivi. Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, visigino vikining'inia. Panda kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu mbovu peke yake mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, seti 3 nyingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, aliuchapisha utaratibu huu mwaka 1998. Maumivu kidogo wakati wa zoezi ni kawaida. Yakizidi kesho yake, punguza idadi.

Wakati huo kimbia sehemu tambarare. Vilima vyetu na mchanga wa Kibirizi viache kwanza, vinaivuta sana kano hiyo.

Halafu, hivi karibuni umemeza sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria)? Watu wanajinunulia tu duka la dawa, kumbe dawa hiyo inaweza kudhuru kano. Kama umeitumia, mwone daktari kabla ya zoezi lolote. Na ukisikia "pwaa!" nyuma ya mguu ukashindwa kusimama kwa vidole, hospitali siku hiyohiyo.