Mama tasa na kipimajoto: kwa mnaoanza kuzalisha mbegu chotara

Ukiingia kwenye kazi hii utaambiwa mapema kwamba utasa wa kiume unapunguza vibarua. Hushindi na kibanio ukitoa vifuko vya chavua ua kwa ua. Unapanda mama asiye na chavua hai, unampaka ya baba, basi. Ni kweli. Ila utasa huo usomwe pamoja na kipimajoto.

Kwanza hesabu. Utasa wa jeni, ule wa ms (kifupi cha Kiingereza "male sterile", tasa wa kiume), hujitokeza mmea ukirithi jeni hiyo kutoka pande zote mbili. Ili kuuendeleza unauvusha na ndugu yake aliyebeba moja tu, na nusu ya watoto hutoka na chavua nzima. Hao wote wang'olewe kabla hawajachafua shamba. Kwenye nyanya kuna unafuu: ms-10 iko jirani sana na jeni aa inayonyima mche rangi ya zambarau, kwa hiyo kitaluni unabakiza wenye mashina ya kijani. Majirani hao huachana mara chache, basi kagua hata hivyo maua ya kwanza. Pilipili hoho kwa kawaida haina alama hiyo. Utasubiri ua.

Sasa joto, ambako wengi hukwama. Hoho hutengeneza chavua yake kama wiki mbili kabla ua halijachanua, likiwa tumba dogo. Kwa hiyo ukiona vifuko vimesinyaa leo, usitazame joto la leo, fungua daftari la wiki mbili nyuma. (Kituo kisicho na daftari la joto la usiku, mimi siamini takwimu zake za utasa.) Nyanya ikipata mchana wa zaidi ya nyuzi 32 na usiku wa zaidi ya 21, hata chavua ya mmea usio na utasa wowote huharibika. Ukichagua "tasa" kipindi hicho, utabeba mimea ambayo majira ya baridi itajichavusha yenyewe.

Upande wa pili ni baridi. Utasa wa saitoplazimu wa pilipili (unaorithiwa kwa mama, kupitia ute wa seli ulio nje ya kiini), ambao mtafiti Peterson aliueleza mwaka 1958 kutoka mbegu ya India, katika baadhi ya mistari, yaani koo za mbegu, hulegea usiku ukipoa, na chavua hurudi. Wachina waliliona jambo la jamii hiyo kwenye mpunga mwaka 1989: kiangazi kilipoa, na mama waliotegemea joto ili wawe tasa wakatoa chavua.

Kwa hiyo mama mjaribu msimu wa baridi. Kwa Arusha ni Juni na Julai. Funika maua yake machache kwa mifuko midogo bila kumpaka chavua yoyote. Tunda likifunga, usimhukumu bado: hoho kwenye baridi hufunga matunda matupu. Lipasue, uhesabu mbegu.