Mkuu, usizitupe hizo chembe eti kwa sababu fedha haionekani

Simamisha zoezi kwanza. Umeandika kwamba una chembe za fueli ya TRISO (punje za urani zilizopakwa matabaka ya kaboni na ganda la SiC, yaani silikoni kabidi) zilizotolewa kwenye kinu cha nyuklia miaka 5 iliyopita, utapima mionzi ya gama ya kila moja, na zile ambazo fedha-110m (madini ya fedha yenye mionzi, si pesa) haionekani utaziandikia "ganda la SiC limepasuka". Halafu ukauliza ununue kigunduzi gani, utumie programu gani, na kama kupima kriptoni, ile gesi inayozaliwa ndani ya fueli, kuna maana. Hayo mengine yatasubiri. Hiyo sentensi ya fedha niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, kwenye ripoti yenye jina langu juu.

Sikuiota. Nilifundishwa na mzee mmoja wa maabara niliyokuwa nasomea huku Ulaya: "Fedha ikitoka, ganda limekwisha." Alisema hivyo huku anakunywa kahawa, wala hakupepesa macho. Mtu kaanza kushika chembe hizi kabla mimi sijajua kusoma, ningebishana naye kwa lipi? Nikazigawa chembe zangu, nzima huku, mbovu kule. Kundi la mbovu likawa kubwa mno, ungedhani aliyezipaka alikuwa anapaka chokaa ukuta wa uani. Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka, nilifurahi nimepata matokeo!

Wakubwa wakaagiza baadhi zikatwe. Chembe haifiki hata milimita moja. Inazamishwa kwenye gundi, inasagwa hadi katikati, inang'arishwa, yote kwa mikono ya mitambo nyuma ya kioo kinene chenye risasi. Tukaweka hadubini. Kiini kimevimba kidogo, kaboni laini inayokizunguka imejikunja, mambo ya kawaida kwa fueli iliyotumika. Ganda la SiC sasa: duara safi, hakuna ufa. Ikaja nyingine, safi. Nyingine, safi. Chumba kile hulipiwa kwa saa, na bili ikaja kwenye mradi wetu. Mzee akasema hakumbuki kunifundisha kitu kama hicho. Kumbe kumbukumbu nayo ina nusu uhai.

Mkuu, fedha hupenya ganda la SiC lililo zima kabisa. Wala si siri. Kwenye jaribio la AGR-1 la Marekani, chembe kama 300,000 zilikaa kwenye kinu cha utafiti cha ATR kule Idaho kuanzia 2006 hadi 2009. Hakuna hata moja iliyopasuka matabaka yote, lakini kiasi cha fedha kilichotoka kilitofautiana sana toka kipande hadi kipande (kila kipande ni maelfu ya chembe zilizogandishwa pamoja). Kwako kuna balaa la pili: nusu uhai wa fedha-110m, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni siku 250 hivi. Baada ya miaka 5 imebaki chini ya asilimia 1. Wewe hupimi ganda, unapima kalenda. Na ukiitafuta kwenye 657.8 keV (nishati ya gama yake) utakuta seziamu-137, zao jingine la fueli, imekaa mlangoni pake, 661.7, imeimeza. Angalau tazama gama yake nyingine, 884.7.

Pima seziamu-137, igawanye kwa seriamu-144, zao lingine la fueli, ya chembe hiyohiyo. Ganda zima huizuia seziamu, likiharibika seziamu inatoka, wakati seriamu kwa kawaida hubaki ndani. Ukitazama seziamu peke yake utadanganyika tena, maana viini havilingani ukubwa, wala havikupata nyutroni sawa. Ukigawanya, tofauti hizo zinajifuta kwa kiasi kikubwa. Maabara ya Oak Ridge, Marekani, wanafanya hivi: kipande kikivuja seziamu wanakivunja, ndani (kwa vile vya AGR-1) mna chembe elfu nne na ushei, kila moja inapita mbele ya kigunduzi. Yenye uwiano mdogo inatolewa kando ipigwe eksirei, na hapo ndipo wanaanza kutaja neno "ubovu". Mimi nilianza na neno, nikamalizia na bili.

Usishawishike kubadilisha seriamu na europiamu-154 kwa kuwa inadumu zaidi. Nayo huvuja kwenye maganda mazima.

Kriptoni, ndiyo, ina maana, ila nayo isikulaze usingizi. SiC ikiharibika huku kaboni ngumu ya nje ikiwa bado imefunga, gesi inabaki ndani na seziamu inavuja, kwa hiyo kuikuta kriptoni si ushahidi kwamba SiC ni nzima.

Weka hapa spektra (mchoro wa nishati za gama) ya chembe moja, pamoja na tarehe iliyotoka kinuni na muda uliohesabu. Nataka kuona kilele cha 133.5 keV cha seriamu. Nusu uhai wake ni siku 285, kwa hiyo kwako imebaki kama asilimia 1 tu na chini yake kuna kelele nyingi ya seziamu. Kama hakionekani, iache chembe kwenye kigunduzi usiku kucha, ulete spektra mpya kesho.