Kwa unayeanza kuchapa barua za watu

Mdogo wangu, kama ndiyo kwanza umekaa mbele ya kompyuta ya steshenari, anza na kibao kilicho juu ya mlango. Hapa Mtwara mjini utakuta kimeandikwa STATIONARY. Neno hilo lipo, na kompyuta hailikatai, ila maana yake ni kitu kisichosogea. Karatasi na kalamu ni stationery, kwa e. Waliochanganya nawasamehe, maana maneno yote mawili yametoka tumbo moja. Zamani huko Uingereza, stationer alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda chake mahali pamoja. Yaani hakuwa machinga, jina ambalo sisi wa kusini tunawahusisha nalo Wamachinga wa Lindi.

Tatizo linaanzia masikioni. Kiswahili kina irabu tano, unaandika unachosikia. Mwingereza silabi isiyo na mkazo anaimeza, kwa hiyo grammar na grammer kwa sikio ni kitu kimoja. Mimi humtafuta ndugu wa neno, yule asiyemeza irabu: grammatical anaitoa a waziwazi, na definition anakwambia definitely inataka i. Separate nimelikariri tu. Debt nalo, ile b haikuwepo neno lilipotoka Ufaransa. Wasomi waliipachika baadaye lifanane na Kilatini. Usihangaike kuitafutia sauti.

Lakini kilichonitoa jasho ni l na r. Mwaka wangu wa kwanza nilichapa tangazo la shule moja, nikaandika wazazi waje Ijumaa "to correct reports". Nilikusudia collect, yaani waje kuzichukua. Mstari mwekundu ambao kompyuta huweka chini ya neno lililokosewa haukutokea, nikatoa nakala mia mbili. Mwalimu alisoma palepale kaunta. "Kwa hiyo wazazi ndio watasahihisha?" Karatasi nililipa mimi.

Tangu hapo, kazi ya Kiingereza siitoi kabla sijamsomea mteja kwa Kiswahili kile nilichoandika, si nilichodhani nimeandika. Inachelewesha, na foleni ikiwa ndefu watu wananung'unika. Waache. Kuna mama wa Mikindani nilimchapia maelezo ya biashara yake, nikaweka fly mahali pa fry. Nilipomsomea alinikazia macho. "Mwanangu, mimi samaki nawakaanga. Wewe unawarusha kwenda wapi?"