Uchumi Chuoni: Kwa Vijana wa Lamu Wanaoniuliza

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hakosi mzazi wa kunisimamisha barazani: "Mwanangu kaitwa kusoma uchumi. Atatoka kuwa nani?" Daktari anajulikana, wakili anajulikana. Mchumi je? Ni swali la haki, maana shahada hii haina kazi moja inayoisubiri.

Kwanza hesabu. Wengi huingia wakidhani watajadili bajeti na siasa, kumbe ni kalkulasi na takwimu, na mbele kuna ekonometriki, yaani kupima nadharia za uchumi kwa takwimu. Kama hesabu huipendi, soma uhasibu. Mhasibu hapa Lamu hakosi shughuli.

Ukishaingia, notisi za mhadhiri hazitoshi. Ijue Excel barabara, kisha R, programu ya kuchambua takwimu, ambayo ni ya bure. KNBS, shirika la takwimu la taifa, hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi: pakua takwimu zile, uzichezee, uandike ukurasa mmoja ambao hata shangazi yako ataelewa. Wanaojua kukokotoa ni wengi. Wanaojua kuandika walichokokotoa ni wachache mno.

Mimi kibarua changu cha kwanza kilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso la kipato. Swali lilisema: "Unapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Mvuvi mmoja wa Kizingitini alicheka. "Mwezi upi, mwanangu? Wa kusi au wa kaskazi? Bamvua au maji mafu?" Na akipata, si chote chake. Hutolewa kwanza mafuta na barafu, chombo kina fungu lake, nyavu zina lake, ndipo nahodha na mabaharia wagawane. Nikapendekeza swali liulizwe kwa bamvua, yaani kipindi cha maji makubwa, si kwa mwezi, na mafungu yaandikwe moja moja. Msimamizi akakubali, na utafiti ulipokwisha akaniita tena kusafisha data. Ajira yangu ilianzia hapo. Michael Kremer, mmoja wa walioshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019, alijenga jina kwa tafiti za namna hii katika shule za Busia, kuhusu dawa za minyoo. Kazi ya utafiti humtaka mtu anayejua lipi la kuuliza, na kwa mambo ya bahari mtoto wa Lamu analijua.

Kwingineko ni mabenki, sacco, bima, mamlaka ya kodi KRA, Hazina ya Taifa. Kaunti nazo, tangu 2013, lazima ziwe na mpango wa maendeleo wa miaka 5, kwa hiyo zinahitaji maafisa mipango, ingawa nafasi ni chache na wanaozigombea ni wengi. Bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, isikutie tamaa kwa vile tu u mzaliwa. Kule ongeza cheti cha forodha au usafirishaji. Anayelenga Benki Kuu au KIPPRA, taasisi ya utafiti wa sera, ajiandae kwa shahada ya uzamili.

Na barua ya kuomba mafunzo ya vitendo ipeleke mapema, kwa mkono wako. Barua pepe katika ofisi zetu hulala.