Jibu: Upweke wa muhula kijijini Ufaransa

Mdogo wangu, umesema uko Cantal wiki ya tatu, Jumapili maduka yamefungwa, basi la mwisho linaondoka jioni mapema, na watu "wanakununia". Pole. Nami niliishi huko muhula mmoja. Jumapili ya kwanza nilishindia biskuti.

Hilo la kununiwa, anza na salamu. Ukiingia dukani au kwenye basi, sema "bonjour" kabla ya neno lolote. Kuanza na swali kwao ni kama kumpita mzee bila shikamoo. Nenda pia sokoni siku ya gulio, wiki hadi wiki, kwa muuzaji yuleyule wa jibini. Mimi wa kwangu ndiye aliyenifundisha Kifaransa, si darasa.

Chakula nunua Jumamosi. Usafiri, tafuta lifti za kuchangia mafuta kupitia programu ya simu ya BlaBlaCar, lakini usipande usiku peke yako.

Kama viza yako ni ya VLS-TS (viza ya muda mrefu inayotumika pia kama kibali cha ukaazi), ithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu ufike. Usichezee hilo.

Na ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, muone daktari. Dharura piga 15 au 112.