Ala ya kano na bursa ya farasi, utando ni uleule

Hapana mkuu, uliyeuliza kama utando wa ndani wa ala ya kano na wa bursa ya farasi ni tishu mbili tofauti, sio tofauti, umbo tu ndo linabadilika: ala ni mfuko unaolizunguka kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) pande zote, bursa ni kifuko kilichobanwa kati ya kano na mfupa kama ile ya navikula, kimfupa kidogo ndani ya kwato. Kwenye hadubini utando wa zote mbili una seli safu 1 mpaka 3 hivi, seli hazina utando wa msingi (tabaka jembamba la kukalia) kwa hiyo sio epitheli, yaani tishu ya kufunika kama ya ngozi, kuna seli zinazokula uchafu na zinazotengeneza ute wa kulainisha, chini yake mafuta na vijishipa vya damu. Nimefundishwa hivyo chuo cha mifugo. Ila bursa za chini ya ngozi zinazotokana na msuguano, kama kinundu laini cha kiwiko, nazionaga sana kwa punda wa mikokoteni hapa Tabora, hizo utando wake mara nyingi haujakamilika.