Sikukuu bila nyama, na mfuko mdogo
Kwa uliyeuliza kama unaweza kulisha wageni 15 sikukuu bila nyama, maziwa wala mayai na usifilisike: unaweza, tena washibe. Pesa nyingi huishia kwenye nyama bandia na jibini za mimea, kwa hiyo achana nazo. Chukua maharagwe makavu. Kilo 1 ikiiva inapita kilo 2. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, na kama ni maharagwe mekundu, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, maana yasipoiva vizuri yanadhuru tumbo kweli. Vitunguu kaanga taratibu mpaka viwe kahawia, ladha iko hapo, usiharakishe. Wageni wakiuliza walete nini, waambie matunda. Na asali usitie, hutoka kwa nyuki.